Nina miaka 47, hedhi inayumba na nalia kila siku: ni umri au ni sonona?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 47. Huu mwaka wa pili siku zangu zimevurugika, kuna wakati zinapotea miezi miwili halafu zinarudi kwa fujo, natumia pedi mpaka naogopa kutoka nje. Usiku saa nane nashtuka nimelowa jasho na usingizi haurudi tena. Ila kinachonitesa zaidi ni moyo. Nalia bila sababu, watoto wakicheka mimi naona kelele, cherehani yangu ambayo nilikuwa sipitishi siku bila kuigusa ina miezi minne imefunikwa. Kuna siku nawaza hivi nisipoamka kesho kuna kitakachoharibika? Nilienda hospitali nikaambiwa ni umri tu, vumilia itapita. Nilishapata hali kama hii baada ya kumzaa mtoto wa pili, ikaisha yenyewe. Sasa hii ni homoni au ni sonona? Na nikipewa dawa si nitazizoea? Mume wangu anasema nimekuwa mtu mwingine.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na kuna sentensi moja umeiweka katikati kama unaipitia tu, ile ya nisipoamka kesho kuna kitakachoharibika. Naomba tuanze na hiyo kabla ya homoni na kabla ya kitu kingine chochote, maana hiyo ndiyo inayoniambia hili jambo lako halisubiri.

Mtu akianza kuwaza hivyo haina maana amerogwa au amekosa imani au hapendi watoto wake. Ni dalili ya ugonjwa kama homa ilivyo dalili, na mara nyingi inakuja hivi hivi taratibu, si kutaka kufa ila ni kuchoka kuwepo. Ninachokuomba ufanye leo, si wiki ijayo: mtafute mtu mmoja unayemwamini, awe mume, dada, rafiki, yeyote, umwambie maneno yale yale uliyoniandikia bila kuyapunguza makali. Kama nyumbani kuna dawa zimelundikana au kitu chochote kinachoweza kukudhuru mkabidhi huyo mtu akutunzie. Na ikitokea siku wazo limebadilika, umeanza kufikiria namna ya kufanya au lini, basi hapo hatuandikiani tena, unaenda hospitali kitengo cha dharura saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, na usiende peke yako. Ukifika sema wazi "nawaza kujiua". Najua ni maneno mazito kutoka mdomoni ila ndiyo yanayomfanya mhudumu aache alichokuwa anafanya akusikilize.

Haya, sasa swali lako. Ni homoni au ni sonona? Mdogo wangu ni vyote viwili, na hapa ndipo wengi wanapopotezwa, kwa sababu wanaambiwa wachague kimoja. Ukiambiwa ni homoni inaonekana kama si ugonjwa, ni kitu cha kuvumilia, ukiambiwa ni sonona unaanza kujilaumu kwamba akili yako ni dhaifu. Lakini homoni zinaweza kuwa ndiyo sababu na sonona ikawa ndiyo matokeo, na matokeo yakishafika yanatibiwa. Aliyekuambia ni umri hakudanganya, kosa lake ni kuishia hapo. Macho yakianza kushindwa kusoma maandishi madogo ukifika miaka arobaini na kitu nayo ni umri, mbona tunapewa miwani?

Ngoja nikueleze kinachotokea ndani. Watu wengi wanadhani kukoma hedhi ni kama taa inazimwa, homoni zinashuka basi. Sivyo. Kukoma hedhi kwenyewe tunakuhesabu pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito ambacho ndicho uliko wewe sasa hivi, na kwa wengi kinachukua kama miaka minne hivi, wengine zaidi. Katika kipindi hicho ovari zinafanya kazi kwa kushtukashtuka. Wiki hii estrojeni, homoni kuu ya kike, inapanda juu kuliko hata ulivyokuwa na miaka 25, wiki mbili baadaye imeporomoka, mwezi mwingine yai halitoki kabisa kwa hiyo projesteroni, homoni ya pili inayotengenezwa yai likishatoka, haitengenezwi ya kutosha, ndiyo maana hedhi inapotea halafu inakuja kwa fujo kama ulivyosema.

Sasa hizi homoni hazikai kwenye kizazi tu. Estrojeni inaingia kwenye ubongo na inagusa serotonini, noradrenalini na dopamini, zile kemikali zinazohusika na furaha, usingizi na hamu ya kufanya vitu. Projesteroni nayo ikivunjwavunjwa mwilini inatoa kitu kinaitwa alopregnanoloni ambacho kazi yake ni kutuliza ubongo. Kwa hiyo huku kitulizo kinakuja na kuondoka, huku ile ya furaha inapanda na kushuka, na kuna wanawake ambao ubongo wao unavumilia hilo yumbayumba bila shida na kuna ambao ubongo wao unayumba nalo. Si suala la nani ana roho ngumu. Ndiyo maana pia ukipimwa damu leo homoni zikaonekana za kawaida haimaanishi unajitungia, kinachoumiza ni kule kupanda na kushuka, na kipimo cha siku moja hakikioni.

Na hili halikuhitaji tulibahatishe, limefuatiliwa. Mwaka 2006 zilitoka tafiti mbili Marekani, moja ya Philadelphia na moja ya Boston, walichukua wanawake ambao hawajawahi kuugua sonona maishani wakawafuatilia miaka kadhaa mpaka wakaingia kwenye kipindi cha mpito. Wale wa Boston waliona hatari ya kupata sonona inakaribia kuwa mara mbili, na wale wa Philadelphia mara mbili na nusu ukilinganisha na walivyokuwa kabla ya mpito. Hao ni watu ambao hawakuwa na historia. Wewe unayo.

Ndiyo, unayo. Ile hali baada ya mtoto wa pili uliyoitaja kwa mstari mmoja nadhani ilikuwa sonona ya baada ya kujifungua ambayo hakuna aliyeipa jina. Ukijifungua homoni zinaporomoka ndani ya siku chache, na ubongo ambao uliyumba kipindi kile una uwezekano mkubwa wa kuyumba tena kipindi hiki. Ukienda kwa daktari hii ndiyo habari ya kwanza kumpa, mweleze ilianza lini, ilikaa miezi mingapi, kama ulikuwa unashindwa kulala hata mtoto akilala. Wengine wanaokuwa kwenye hatari zaidi ni wale ambao kila mwezi kabla ya hedhi walikuwa wanabadilika sana, waliotolewa ovari zote mbili kwa upasuaji maana kwao homoni zinakatika ghafla, na wanaokoma hedhi mapema kabla ya miaka 40. Halafu weka juu yake maisha yenyewe, maana umri huu ndio wazazi wanaanza kuugua, watoto wanaondoka, kazini mambo magumu. Homoni hazikukuti umekaa kivulini umepumzika.

Nimeulizwa sana nitajuaje kama ni sonona kweli au ni mudi tu. Mudi ya homoni inapita, asubuhi umekasirika mchana uko sawa, na mtu akikuletea habari nzuri unafurahi. Sonona inakaa. Tunaangalia wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, na lazima kuwe na kimoja kati ya viwili: huzuni isiyoondoka au kupoteza hamu ya vitu ulivyokuwa unapenda. Kisha ongeza usingizi kuharibika, kula kubadilika, uchovu, akili kushindwa kutulia, kujiona huna thamani, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Jumla ni vitu tisa na vikifika vitano tunaiita sonona. Mimi kwenye barua yako sihitaji hata kuhesabu sana, cherehani imeniambia. Kulia kunaweza kuwa kwa sababu nyingi, lakini mtu ambaye hakuwa anapitisha siku bila kushona akiacha miezi minne, kitambaa kiko pale, uzi uko pale, muda upo, na anapita pembeni yake kama anapita pembeni ya kabati, hiyo si uvivu na si uzee. Hamu imekatika. Hilo ndilo huwa nawauliza wanawake wanaonijia, siwaulizi una huzuni, nawauliza kitu gani ulikuwa unakipenda na mara ya mwisho umekigusa lini, na mara nyingi machozi yanaanzia hapo.

Kuhusu usiku. Lile joto linalokushtua saa nane ni thamostati ya ubongo, yaani kile kinachopima na kurekebisha joto la mwili, imekuwa nyepesi, mwili ukipanda joto kidogo tu ubongo unadhani unaungua, unafungua mishipa na jasho linamwagika, halafu unabaki na baridi na moyo unadunda. Mtu akivunjiwa usingizi hivyo mwezi mzima hata asingekuwa na shida yoyote ya homoni angeanza kulia hovyo. Kwa hiyo jasho linaua usingizi, usingizi unaua mudi, mudi ikishakufa unalala na wasiwasi na usingizi unakuwa mwepesi zaidi. Hii ni habari njema kwa maana moja, kwamba ukikata mnyororo sehemu moja sehemu nyingine nazo zinapata nafuu.

Sasa kabla hujaanza matibabu kuna vipimo ambavyo kama mwanzo hukufanyiwa, rudi ufanyiwe, na ukiona huyo wa mwanzo hakusikilizi badilisha daktari, si dhambi. Cha kwanza wingi wa damu na madini ya chuma, maana kutokwa damu nyingi namna hiyo kunaleta upungufu wa damu, na upungufu wa damu peke yake unaleta uchovu, moyo kwenda mbio, kukosa hamu, yaani unafanana na sonona kama pacha. Cha pili tezi ya shingoni, thairoidi, ikilegea inaleta huzuni, unene, usahaulifu na hedhi kuvurugika, na katika umri huu inalegea kwa wanawake wengi. Sukari pia ipimwe. Na mimba, usicheke, hedhi ikipotea miezi miwili ukiwa na miaka 47 bado mimba inawezekana, na uzazi wa mpango unahitajika mpaka umalize mwaka mzima bila hedhi kama umeshafika 50, au miaka miwili kama ilikoma kabla ya hapo. Kipimo cha homoni zenyewe usikililie, kwa mtu aliyepita 45 mwenye dalili kama zako hakituongezei kitu. Ila hiyo damu nyingi iangaliwe na daktari wa wanawake, kizazi kitazamwe kwa ultrasaundi, isije ikawa ni uvimbe tunausingizia umri.

Kuna kitu kimoja uanze leo usiku kabla hata ya hospitali, chukua kidaftari. Si cha kuandika hisia kurasa na kurasa, ni mstari mmoja kwa siku. Nimeshaona vidaftari vingi na vizuri zaidi ni vile vifupi kabisa, unakuta mtu kaandika "Jumanne, damu siku ya 3, nimeamka mara 4, mudi 2, nimegombana na mtoto kwa sababu ya viatu." Kesho yake "damu siku ya 4, nimeamka mara 2, mudi 4." Mudi unajipa maksi kuanzia 0 mpaka 10. Ukifika wiki sita unaona vitu ambavyo kichwa hakikumbuki. Kuna mama aliniletea chake akiwa ameshajiandika kuwa yeye ni mtu mbaya, mkali kwa watoto, tulipozifuata tarehe kwa kidole tukakuta ukali wote umekaa kwenye siku ambazo usiku wake aliamka zaidi ya mara tatu. Siku alizolala, ukali haupo. Alikaa kimya akiangalia zile tarehe, kisha akaniuliza kwa hiyo si mimi? Nikamwambia si wewe. Daktari naye ukimpelekea kidaftari hawezi kukuambia vumilia kirahisi hivyo.

Matibabu. Yapo ya aina tatu kubwa na mara nyingi tunachanganya.

Kwanza mazungumzo na mtaalamu, na sisemi kupewa mawaidha, mawaidha umeshapewa ya kutosha. Nasema tiba ya kisaikolojia yenye utaratibu, ile inayoshughulika na mawazo na matendo, mnakaa vikao kadhaa, unajifunza kukamata wazo linapokuja. Mfano unapowaza "mimi ni mzigo hapa nyumbani" hamlipingi kwa maneno matamu, mnaliangalia kama madai: ushahidi uko wapi, na unapoliamini unafanya nini, unajifungia chumbani, ukijifungia unazidi kuliamini. Aina hii ya tiba imeonekana kusaidia sonona na pia kupunguza jinsi joto la ghafla linavyomsumbua mtu, na ipo ya kutibu usingizi peke yake ambayo ni nzuri kuliko vidonge vya usingizi kwa muda mrefu.

Pili dawa za sonona, hizi ndizo unazoziogopa. Kwa uzito wa hali yako na lile wazo la kutoamka mimi ningekuwa daktari wako tungezungumza kuhusu dawa kikao cha kwanza kabisa. Zipo kama sertralini, eskitalopramu, fluoksetini, venlafaksini. Hizi za kundi hili hazikufanyi teja, huwi mtu wa kuitafuta dozi kubwa zaidi kila mwezi ili ujisikie vizuri, wala hazikupi kilevi. Ila mwili unazizoea kwa maana kwamba ukiacha ghafla utapata kizunguzungu, vitu kama shoti kichwani, hasira, ndoto za ajabu, kwa hiyo zinaachwa taratibu kwa kupunguza na daktari akijua. Wengi wanachanganya haya mawili. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu, kichwa, tumbo, hata wasiwasi kuzidi kidogo, na nafuu yenyewe inaanza kuonekana wiki ya pili kwenda mbele, wengine wiki nne mpaka sita. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanameza siku kumi wanasema haifanyi kazi wanaacha. Na ukipona usiache siku hiyo hiyo, endelea angalau miezi sita tangu upate nafuu, na kwa mtu ambaye imemrudia kama wewe daktari anaweza kusema zaidi. Inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, sema, usinyamaze, kuna kubadilisha. Baadhi kama venlafaksini zinapunguza na lile joto, kwa hiyo unapiga ndege wawili kwa jiwe moja. Ukiwa umewahi kupata kipindi cha siku kadhaa huna usingizi lakini una nguvu za ajabu, unaongea sana, unatumia pesa hovyo, mwambie daktari kabla hajaandika dawa, maana hiyo ni hali nyingine na dawa hizi zikitolewa peke yake zinaweza kuichochea. Na kama kuna mtu anasoma hapa anatumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti, fluoksetini na paroksetini zinaipunguzia nguvu, aombe nyingine.

Tatu ni homoni zenyewe. Hapa kuna hofu kubwa na chanzo chake nakijua. Julai 2002 utafiti mkubwa Marekani ulisimamisha sehemu yake iliyokuwa na wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa wanapewa estrojeni pamoja na projestini, yaani projesteroni ya kutengenezwa, kwa sababu saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka, dunia nzima ikaogopa na wanawake wakatupa vidonge. Kitu ambacho hakikufika kwa watu ni kwamba wastani wa umri wa wale wanawake ulikuwa miaka 63, yaani wengi wao hedhi ilishakoma zaidi ya miaka kumi nyuma, na ongezeko lenyewe lilikuwa kama wanawake wanane zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Si sifuri, na sikuambii ni sifuri. Lakini kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, na anateseka na joto na jasho, faida kwa kawaida inazidi hatari. Kwenye kipindi cha mpito, tafiti ndogo zimeonyesha estrojeni ya kubandika kwenye ngozi inaweza kuinua mudi, wakati kwa waliokoma muda mrefu haikuonyesha hivyo. Kwa hiyo mimi siitumii kama mbadala wa dawa za sonona kwa mtu mwenye sonona nzito, naitumia pale joto na usingizi vinapokuwa sehemu kubwa ya tatizo, na hapo inaweza kwenda sambamba na dawa ya sonona. Mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Na haiwafai waliowahi kuugua saratani ya matiti, walioganda damu kwenye mishipa, wenye ini baya, na mwenye kutokwa damu ambayo haijajulikana sababu, ambaye ni wewe kwa sasa, ndiyo maana nimesisitiza ultrasaundi ianze.

Dawa za mitishamba sina ugomvi nazo zote ila nakuomba usichanganye kimyakimya. Kuna mmea unaitwa Mtakatifu Yohana (kwa Kiingereza St. John's wort) unauzwa kama dawa ya huzuni, ukichanganya na vidonge vya sonona unaweza kupata madhara makubwa, na unaharibu pia vidonge vya uzazi wa mpango na dawa nyingine nyingi. Chochote unachokunywa, hata kama umepewa na mtu anayekupenda, kiandike kwenye kidaftari.

Mambo ya nyumbani nitayapita haraka kwa sababu mtu mwenye sonona akipewa orodha ya mambo ishirini anaongeza moja tu, kujilaumu. Kutembea, dakika kumi, nje, asubuhi kukiwa na mwanga. Ukiweza kumi wiki hii basi kumi zinatosha, lengo la mbali ni dakika 150 kwa wiki lakini si la sasa. Pombe kama unatumia ili ulale iache, inakulaza halafu inakuamsha saa nane ile ile na inaleta joto. Chumba kiwe na hewa, nguo nyepesi, nguo ya kubadilisha iwekwe karibu na kitanda ili usiwashe taa na kuanza kutafuta. Ukiamka na usingizi ukagoma usikae kitandani unapigana nao, inuka ukae sehemu nyingine yenye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito.

Na cherehani. Usisubiri hamu irudi ndipo ushone. Kwenye sonona mambo yamegeuka, tendo linatangulia na hamu inafuata nyuma kwa mbali. Kesho ondoa tu kile kitambaa kilichoifunika. Basi, siku hiyo imeisha. Kesho kutwa tunga uzi kwenye sindano. Siku nyingine kunja pindo la kitu kidogo, na ukiona haujasikia raha yoyote usishtuke, raha inachelewa, unaandika kwenye kidaftari "nimeshona pindo, raha 1" unaendelea.

Mume wako. Amesema umekuwa mtu mwingine, na mimi nadhani hapo kuna hofu zaidi kuliko lawama, wanaume wengi hawajui neno la kutumia. Usimsubiri akisie. Mwambie kitu kama hiki: "Siku hizi mwili wangu uko kwenye kukoma hedhi na nimepata ugonjwa unaoitwa sonona, si wewe umenikosea na si kwamba sikupendi, nitapona lakini nahitaji unisaidie vitu viwili." Kisha vitaje viwili, viwe vya kushikika, mfano anisindikize hospitali Alhamisi, na usiku nikiamka asiniulize nina nini, anishike tu mkono. Mwanaume ukimpa kazi anayoielewa anaifanya, ukimwambia unielewe anabaki amesimama. Watoto nao kama wana akili ya kutosha waambie mama anaumwa na anatibiwa, maana wasipoambiwa wataamini wao ndio wamekuudhi.

Itaisha lini? Sonona ikitibiwa wengi wanaanza kuona mabadiliko ndani ya miezi miwili, kwa hiyo usiifungamanishe na hedhi kwamba mpaka ikome. Lile joto linaweza kukaa, kuna utafiti uliofuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi ukakuta nusu yao joto liliwasumbua zaidi ya miaka saba, ndiyo maana mimi neno "itapita" silipendi, miaka saba ni maisha ya mtoto kuzaliwa mpaka anasoma. Hatari ya mudi yenyewe iko juu zaidi kipindi hiki cha kuyumba na kwa wanawake wengi inatulia homoni zikishakaa chini sehemu moja. Lakini ukiwa umeshapitia mara mbili ujue dalili zako za mwanzo, kwako wewe nadhani ni kuacha kushona na kukerwa na kelele za watoto, ukiziona zimekaa wiki mbili unarudi kwa daktari hapo hapo.

Ukienda hospitali safari hii ingia na karatasi, maana ukiwa mbele ya daktari machozi yatakuja na maneno yatapotea. Iandike hivi ilivyo: "Nina miaka 47, hedhi imevurugika mwaka wa pili na damu ni nyingi. Nina huzuni kila siku, miezi minne sina hamu na kitu. Nawaza bora nisiamke. Niliugua hivi baada ya kujifungua. Naomba nipimwe damu, thairoidi na ultrasaundi, na naomba kutibiwa sonona." Akikuambia ni umri, mwambie ndiyo dokta najua ni umri, sasa tunaitibu vipi. Mkabidhi na kidaftari. Na yule mtu mmoja niliyekuambia umtafute leo, mpigie kabla hujalala, akishajua niandikie nijue umempata.